Pembe Moja Isiyokatwa

Saa mbili asubuhi, nyuma ya duka la vifaa vya ofisi, mwanamke mwenye kilemba cha bluu anainua bamba la moto la mashine yake na kubandua karatasi taratibu. Chini yake anajitokeza jenerali mnene ndani ya beseni la kuogea, medali zimebanwa kwenye taulo, simu sikioni, akiwaamuru askari wake wasonge mbele.

“Karibu tena, mkubwa,” anamwambia, kisha anampangusa tumbo kwa kitambaa.

Wateja humwita Mama Pasi. Huchapisha picha kwenye vikombe, fulana na pedi za mausi, vile vipande vya mpira vya kuwekea kipanya cha kompyuta. Picha za harusi na nembo za kampuni anazichapa huku akipiga soga. Ya jenerali huichapa bila kupiga soga na mtu, kwani ilichorwa na baba yake mzazi.

Wakati wa vita mzee alikuwa mchoraji wa gazeti. Siku katuni hiyo ilipotoka, watu waliikata, wakaificha mikobani na kuichekea nyuma ya milango iliyofungwa. Wakubwa hawakucheka. Gazeti lilifungwa, na mchoraji akaishia kupaka rangi mabango ya vinyozi. Hajawahi kuomba radhi, hata kwa mzaha. Nakala moja ilinusurika kwa sababu mkewe aliishonea ndani ya mto.

Mwaka jana duka la zawadi la jumba la makumbusho liliagiza pedi zenye katuni hiyo. Mama Pasi alifanya kazi kwa furaha, akamkabidhi baba yake ya kwanza ikiwa bado na joto. Macho ya mzee yameingia ukungu, siku hizi anaona kwa vidole. Aliipapasa mpaka pembe ya chini kulia, akasita.

“Hapa pamekatwa,” alisema. “Mdogo wangu umemweka wapi?”

Pedi za mausi hukatwa pembe zote nne ziwe mviringo ili zisibanduke. Ndivyo Mama Pasi alivyofundishwa, na mkono wake ulikata kwa mazoea. Lakini katika pembe ile alisimama askari mdogo, miguu peku, ameweka kijiko begani badala ya bunduki. Ni baba yake mdogo, aliyekwenda vitani asirudi, na hana picha nyingine popote.

“Nilimjua tangu utotoni, nikamkata kama ukingo wa karatasi,” anasema. “Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka uso.”

Alitupa mzigo wote, akachapa upya. Pembe tatu alizikata mviringo. Ya nne aliiacha kama ilivyo, akaipaka gundi ukingoni kwa mswaki isibanduke, pedi moja baada ya nyingine. Kila pedi humwingizia bei ya mkate tu, hivyo hasara ile ilimkata maini.

Meneja wa duka la zawadi hakupendezwa. Alipiga simu akasema zinaonekana zina kasoro, akapendekeza askari asogezwe ndani kidogo. Mama Pasi alikataa, ingawa hakuwa na mteja mwingine mkubwa.

“Baba alimweka ukingoni kabisa kwa sababu ndiko wakubwa walikomweka,” anaeleza. “Nikimvuta ndani, nitakuwa nimechora uongo.”

Agizo likafutwa. Mama Pasi akazipanga pedi zake dirishani, na makarani na walimu wakaanza kuzinunua. Meneja naye akaja, safari hii kwa miguu yake, akauliza kama zile zenye kasoro bado zipo.

“Zenye kasoro nilizitupa,” alimjibu. “Zenye askari zipo.”

Alizichukua zote.

Sasa Mama Pasi anadunduliza apate mashine ya pili, achape katuni zote za baba yake zilizosalia. Anataka kila bosi mjini aanze siku na mkono wake juu ya tumbo la yule bwana wa beseni. Akisema hivyo anacheka, na kifua kimemjaa fahari isiyofichika.

Mzee ameketi karibu na mlango. Binti yake anampa pedi iliyotoka mashineni sasa hivi. Kidole gumba kinateleza kwenye pembe moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kinakwama.

“Yupo,” anasema, na kunyoosha mkono apewe nyingine.