Siku Tano za Mama Ziwani

Mashua yangu ina urefu wa hatua tisa, kama anayezipiga ni mtu mfupi. Niliachiwa na mgeni mmoja aliyefanya kazi miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Aliiunda mwenyewe, ubao kwa ubao, nyuma ya nyumba aliyopanga mjini Kibondo, mahali ambapo maji ya karibu ni ya kisima. Majirani walikuwa wakipita na kuuliza lile kabati ni la nani. Siku za kurudi kwao zilipofika akanipa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemfundisha Kiswahili. Kiswahili nilichomfundisha kilikuwa na matundu kadhaa. Mashua nayo hivyohivyo, kwa hiyo sikuona sababu ya kulalamika.

Niliipakia kwenye fuso hadi Kipili, kusini kabisa, kwa sababu huko Ziwa Tanganyika lina visiwa. Mtu wa vilima akipata mashua hataki maji matupu. Anataka mbele yake kuwe na kitu kinachofanana na kilima. Mimi ni Mha wa Kasulu. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefundisha wengine, na kuogelea nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na miwili, kwenye bwawa la samaki la rafiki yangu, samaki wakinitazama. Kutweka tanga nilijifunza kwa video.

Kila kiangazi huwaalika watu. Nawaambia waje na nguo mbili na kofia. Lakini watu wetu hawajui kwenda kwa mtu mikono mitupu, kwa hiyo nimewahi kusafiri visiwani na kuku hai wawili, kinu, na mkungu wa ndizi uliochukua nafasi ya abiria. Mwaka aliokuja mama, alileta debe la maharage na kigoda chake. Kigoda kilikaa mbele ya mashua, mama akakaa juu yake, na kwa siku tano hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwake.

Safari ile haikuwa ya matembezi tu, ingawa ndivyo tulivyomwambia. Mama amepita miaka sabini na anaishi peke yake nje ya Kibondo. Mwaka huo alikuwa ameunguza sufuria mara mbili, na siku moja alimwita dada yangu kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa. Dada ni nesi, anakaa Kasulu, na alishaandaa chumba. Mama hakukitaka hicho chumba. Basi tukakubaliana kwa simu, mimi na Dada, kama watu wanaopanga njama: ziwani Dada atamwangalia kwa karibu. Akiona hafai tena kukaa peke yake, tukirudi mama anashukia Kasulu. Akiona anafaa, ataendelea hadi Kibondo. Uamuzi nilimwachia Dada. Nilijiambia ni kwa sababu yeye ana utaalamu.

Wa nne alikuwa rafiki yangu mwenye duka Kasulu, ambaye babu yake alitoka Tanga, na ambaye kwa sababu hiyo alijihesabu kuwa mtu wa bahari.

"Mwalimu," aliniambia tulipong'oa nanga, "hii siyo bahari. Hili ni beseni."

Baada ya nusu saa alikuwa ameinamia nje ya mashua, akilirudishia beseni chai yake ya asubuhi. Mama alimshikilia ukosi wa shati bila kusimama kutoka kwenye kigoda.

"Pole, baba," alimwambia. "Yule ametulia sasa. Utapata nafuu."

"Nani ametulia, Mama?"

"Yule anayepuliza."

"Anapuliza nini?"

"Upepo," Dada alisema. "Mama anasema upepo umetulia."

"Si aseme tu upepo?"

"Hawezi. Ni baba mkwe wake."

Rafiki yangu alijifuta mdomo, akawaza. "Upepo ni baba mkwe wake?"

Ilibidi tumweleze. Kwetu, mwanamke wa zamani aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana nalo. Huzunguka. Wapo ambao hawajawahi kusema "mvua" tangu harusi, au "moto", na mtoto akikulia nyumba hiyo hujifunza lugha mbili, ya watu na ya mama. Jina la babu yetu lilikuwa ni neno la Kiha la upepo, hivyohivyo lilivyo. Siliandiki hapa, mama anajua kusoma. Kwa usalama alilikwepa hata la Kiswahili. Kwake upepo ni "yule anayepuliza", au "mtikisa majani", au, ukiezua paa, "mzee amekasirika". Redioni wakitangaza upepo mkali alikuwa akigeuza uso, kama mtu aliyesikia kijana akimtaja mkubwa bila adabu.

"Na umemleta kwenye mashua ya tanga," rafiki yangu aliniambia.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimesoma hadi chuo kikuu, kama nilivyosema.

Siku zile zimenikaa kichwani kama kitu nilichokiota nikiwa macho. Asubuhi ziwa lilikuwa jeupe, na milima ya Kongo haikuwepo. Saa nne hivi ilianza kujichora upande wa pili, kwanza mgongo, halafu mabega, na kufikia mchana ilikuwa imesimama pale kana kwamba imekuwepo siku zote. Maji yalikuwa angavu kiasi kwamba tukitia nanga kando ya kisiwa niliuona mnyororo wote hadi chini, na kivuli cha mashua juu ya mawe, na vivuli vinne vya vichwa vyetu, kimoja kikiwa cha juu zaidi kwa ajili ya kigoda. Samaki wadogo wa bluu walipita ndani ya vichwa vyetu. Mama aliwaangalia kwa muda mrefu sana.

"Wanatoka wapi hawa?" aliuliza.

"Wanaishi hapo, Mama."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na mimi nilikuwa nikipalilia," alisema.

Dada alikuwa na njia zake za kupima. Alikuwa akiuliza maswali kana kwamba anapiga soga. Mbuzi waliobaki nyumbani ni wangapi? Jana tulikula nini? Siku ya tatu asubuhi, akimmiminia chai, alisema, "Hivi Mama, leo ni siku gani?"

Mama alinigeukia. "Leo siku gani, baba?"

Nilitafuta Jumatano, sikuiona. Alhamisi pia haikuwepo. Rafiki yangu alisema kwa yakini kuwa ni Ijumaa, na tukagundua baadaye kwamba alikosea, jambo lililomsumbua kwa sababu ya swala.

Hiyo ndiyo shida ya kumpima mtu majini. Kila mtu anafanana na aliyesahau. Tulikuwa tukianza sentensi na kuiacha ipotee. Nilimwona Dada mwenyewe, mwanamke anayesimamia wodi, akiutafuta mswaki wake huku ukiwa mdomoni.

Mchana wa siku hiyo tulikuwa tukivuka kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine, na upepo ulitoka kulekule tulikotaka kwenda. Hapo mashua haiwezi kwenda moja kwa moja. Inakata upande huu, halafu upande ule, na kila inapogeuka tanga linahama. Watu wa pwani huita hivyo kubisha, nikawaambia.

"Unabishana na nani?" mama aliniuliza.

"Na yule anayepuliza, Mama."

"Hukumjua vizuri alipokuwa hai. Usingethubutu."

Tulicheka. Baadaye kila mmoja akabaki na maji yake. Jua lilikuwa usoni, tanga limejaa, na nadhani nilisinzia na usukani mkononi. Kilichoniamsha ni sauti ya mama kutoka mbele, sauti kubwa, ya kuita. Alisema kwa Kiha kwamba upepo umegeuka. Alilisema lile neno lenyewe, silabi zote, kama mtu anayemwita jirani kutoka ng'ambo ya bonde.

Upepo ulikuwa umegeuka kweli. Tanga lilihama kwa kishindo, likapita juu ya kichwa cha rafiki yangu na kuondoka na kofia yake. Nilihangaika na kamba mpaka mashua ikatulia. Ndipo nikamtazama Dada. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini.

"Umesikia?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimesikia."

"Amelisema."

Katika maisha yetu yote hatukuwahi kulisikia kinywani mwake. Hakulisema babu alipokufa, hakulisema alipokuwa na homa kali na kuweweseka, na Dada ndiye aliyemuuguza. Sufuria ni sufuria, mtu yeyote huunguza. Lakini neno hili lilikuwa limeshikwa na kitu kilicho chini kabisa, na Dada aliona kwamba kitu hicho kimekatika. Nilidhani atakuwa na ahueni ya mtu aliyepata jibu. Aligeuza uso upande wa Kongo na kujifuta macho kwa upindo wa kitenge.

Tulitia nanga mapema, jua likiwa bado juu. Mama alikuwa akimenya muhogo. Dada akaenda kukaa miguuni pake.

"Mama. Leo umelitaja jina la babu."

"Nimelitaja."

"Ulijua kwamba unalitaja?"

"Nisijue? Nilipiga kelele." Aliudumbukiza muhogo kwenye maji. "Kwani yupo hapa?"

Sote wanne tukatazama, naapa. Kulikuwa na mawe, vichaka, na ndege mmoja mweusi akianika mabawa.

"Mzee yule alikuwa haivuki hata Malagarasi," mama alisema. "Aliogopa maji kuliko simba. Nyumbani ndiko aliko. Yupo mlangoni, yupo kwenye migomba, nikienda kisimani yupo. Huku hajawahi kufika na hafiki. Nikaona nimezunguka neno hilo miaka hamsini, acha nipumzike kidogo. Na huyu mdogo wako alikuwa amelala. Ningesema mtikisa majani, angetafuta majani."

Rafiki yangu alicheka mpaka akashika mlingoti. Dada hakucheka.

"Nilifikiri umesahau, Mama."

"Najua ulichofikiri. Unanipima tangu Kipili. Unanihesabia mbuzi." Alichukua muhogo mwingine. "Sufuria nasahau. Hilo ni kweli, liandike. Na majina yananichanganya, nyie mnafanana. Lakini yule simsahau. Mkinipeleka Kasulu, kwenye hicho chumba, nitanyamaza kwa ajili ya nani? Nitakuwa nasema kila neno, siku nzima, kama redio."

Dada alichukua kisu kingine, wakamenya pamoja. Kesho yake mama aliuliza mara mbili kama mbuzi wamepewa majani, na mara ya pili Dada alimjibu kwa sauti ileile ya mara ya kwanza. Hakunitazama. Sikujua ameamua nini, na nilikuwa mwoga wa kuuliza.

Tuliporudi kwa gari langu tulilala Mpanda, na siku iliyofuata tukafika Kasulu alasiri. Tulimshusha rafiki yangu dukani kwake, nikaenda kusimama mbele ya geti la Dada. Dada akashuka, akafungua nyuma ya gari, akatoa mifuko miwili, wake na wa mama, akaiweka chini. Kisha akasimama tu. Mama alibaki kwenye kiti, akitazama mbele, mikono juu ya mapaja. Sikuzima gari. Mtoto wa jirani alipita na ndoo, akatuamkia wote, tukaitikia.

Dada aliinama, akaurudisha mfuko mmoja ndani ya gari. Akazunguka hadi dirishani kwa mama.

"Ukiinjika sufuria, ukae hapohapo."

"Nitakaa."

"Na simu usiizime."

"Siizimi. Inajizima."

"Mama."

"Haya. Nitaichaji kwa yule mwalimu jirani, kila siku."

"Jumamosi nakuja."

"Njoo," mama alisema. "Uje na sabuni."

Dada aligonga bodi ya gari mara mbili kwa kiganja, kama wanavyofanya makonda, nami nikaondoa.