Mwanamke Aliyewasha Jiko Lisilo na Mtungi

Haya ninayokueleza sikusimuliwa na mtu. Yamenikuta mimi mwenyewe, mchana, macho yangu yakiwa wazi, na siku hiyo sikuwa nimeonja kitu zaidi ya chai na muhogo. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na mtoto akidanganya darasani kwangu nilikuwa namjua kabla hajamaliza sentensi. Sasa uzeeni nianze kudanganya ili nipate nini? Wewe sikiliza tu, halafu uamue mwenyewe.

Nyumba yetu iko Buzuruga, juu kidogo ya stendi. Mzee wangu, yaani mume wangu, ni mtu wa Kagera kama mimi, na kama kuna kitu Mungu alimpa ni mkono wa kuchoma. Sato, kuku, ndizi, chochote kile. Jumapili tukitoka kanisani anavua koti, anakwenda uani, anawasha mkaa, na kabla ya saa nane majirani wanaanza kupita kutusalimia, kama vile wamepotea njia. Kisha akapata pumu. Daktari akamwambia bila kuzunguka: "Mzee, moshi wa mkaa basi."

Umewahi kumwona mtu aliyekatazwa kitu anachokipenda? Mzee wangu alizimika. Alikaa sebuleni madirisha yamefungwa, hata redio hasikilizi. Wadogo zake walipopiga simu kwamba wanakuja na meli kutoka Bukoba kumtazama, akanijibu bila kunigeukia: "Waambie wasije. Nitawakalisha uani niwape nini, pole?"

Neno lile lilinichoma. Nikamwambia wanakuja, na siku hiyo utachoma samaki, nitatafuta jiko la gesi la kuchomea. Akacheka kidogo, kicheko cha mgonjwa. "Gesi, mama watoto? Samaki wa gesi si sawa na samaki wa kuchemsha?"

Kesho yake mchana nikaenda duka moja la vyombo vya nyumbani, upande wa Nyakato. Mwenye duka, kijana wa miaka kama arobaini, alinikaribisha vizuri. Majiko ya kuchomea yalikuwa manne, yamepangwa ukutani. Sikuwa mjinga kabisa, nilikuwa nimeulizia kwa watu. Niligonga mfuniko mmoja mmoja kusikia kama ni bati au chuma. Nilinyanyua nyavu, maana wavu mwembamba hauhifadhi joto, samaki ananata na kuchanika. Niliangalia trei ya kukinga mafuta kama inatoka kwa urahisi. Lakini nakwambia ukweli, moyo wangu ulikuwa umeshachagua. Kulikuwa na jekundu kubwa, mfuniko unang'aa kama gari la harusi, magurudumu manne, na ubao pembeni wa kuwekea sahani. Kichwani nilishamwona mzee wangu amesimama pale na aproni yake.

"Nataka nilione linawaka," nikasema.

"Mitungi hatuiweki dukani, mama. Iko stoo, pale kando ya gereji. Nisubiri nikachukue."

Akatoka. Hapo hapo mvua ikashuka, ile ya ziwani isiyopiga hodi, na umeme ukakatika. Dukani pakawa kama jioni, mwanga ni ule wa mlangoni tu. Nikabaki na mkono juu ya jiko langu jekundu.

"Hilo ni langu."

Niligeuka. Mwanamke alikuwa amesimama upande wa pili wa jiko. Kijana, labda miaka thelathini, kitenge cha kijani chenye maua ya njano, mwanya kwenye meno ya mbele. Sikumwona akiingia. Na hata shikamoo hakunipa! Nisamehe, lakini hicho ndicho kilichonikera kwanza. Nilidhani ni mteja mwenzangu anataka kunipiku.

"Wewe binti, nimelikuta mimi," nikamwambia. "Umeshalinunua?"

"Nimeshalilipia."

"Lini? Mwenye duka ametoka hapa sasa hivi, hajaniambia."

Alinyoosha mkono wa kushoto, akazungusha kitufe, na jiko likawaka. Moto wa buluu, mzuri, ukatembea kwenye vichomeo vyote vinne bila kiberiti. Nikafurahi, unaamini? Nikasema moyoni, jiko ndilo hili. Nikainama kuangalia kama mtungi umekaa vizuri.

Hapakuwa na mtungi.

Mpira wa gesi ulikuwa unaning'inia, mwisho wake uko wazi, haujaunganishwa na kitu chochote. Mwenye duka yuko stoo bado. Sasa niambie, moto ule ulikuwa unakula nini?

Nilipoinuka, yule mwanamke alikuwa ameingiza mkono ndani ya moto. Anaupitisha taratibu juu ya wavu kama mtu anayegeuza ndizi, na hata uso haukunji. Nilitaka kukimbia, lakini fikiria: mtu mbele yako mkono uko motoni, utamwacha? Mwalimu ndani yangu akashinda. Nikapeleka mkono wangu wa kushoto nizime kitufe. Akanishika. Vidole vyake havikuwa na baridi wala joto. Ni kama kushikwa na kitambaa.

"Mama," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, "mpira. Waonyeshe mpira. Siyo yeye."

"Siyo nani, mwanangu?"

Umeme ukarudi. Mbele yangu palikuwa na jiko jekundu tu, limezimika. Nikaugusa wavu. Ulikuwa baridi kama sahani ya kabatini.

Mwenye duka akaingia ameloa chapachapa, mtungi begani. Nikamuuliza nani alikuwa humu. "Hakuna mtu, mama. Mlango ni huu mmoja, na nilikuwa nauona nikiwa nimejikinga stoo." Nikatazama sakafu. Alama za maji zilikuwa za viatu vyake peke yake.

Hapo ningeweza kuchukua mkoba wangu nikaondoka. Wengi wangeondoka. Mimi nikasema, "Niletee maji na sabuni."

"Sabuni ya nini tena?"

"Ilete."

Alifunga mtungi kwenye lile jekundu, akafungua gesi bila kuwasha. Nikachovya kitambaa kwenye povu, nikapaka kwenye mpira, pale unapobanwa na klipu. Povu likaanza kuvimba. Mapovu makubwa, yanapasuka, yanaota mengine. Gesi ilikuwa inatoka, na kwa macho matupu usingeona kitu.

"Ah, hiyo ndogo," akasema haraka. "Nakufungia mpira mpya."

"Jiko hili lilikuwa la nani?"

"La dukani, mama. Jipya kabisa."

"Nani alikufa?"

Mungu ni shahidi, swali lile sikulipanga. Lilitoka lenyewe. Yule kijana alinitazama, akatafuta kiti, akakaa. Akafuta uso kwa kiganja. Akaniambia lilikuwa la nyumba moja kule Usagara. Mke wa mtu aliungua akiwasha jiko, hakupona. Ndugu wakaliuza kama chuma chakavu, na yeye akalipata kwa mnunuzi wa vyuma, akapiga rangi mfuniko ulioungua, akaliweka dukani. Mpira hakuubadilisha kwa sababu ulionekana mzima.

Basi nikatumia sauti yangu ya gwaride. Nje barazani walikuwepo watu waliojikinga mvua, wote wakageuka. Nilimwambia sitoki mlangoni pake mpaka jiko lile liwe bapa. Alibembeleza, akasema nitamharibia jina. Nikamwambia, "Leta nyundo." Mwishowe fundi wa gereji akaja na nyundo kubwa, na lile jekundu likapondwa pale pale kwenye tope, pigo moja moja, mpaka watu wakapiga makofi. Mpira niliufungua mimi mwenyewe, klipu yake ikiwa bado inaning'inia, nikauweka kwenye mkoba.

Kisha nikamgeukia. "Sasa tupime yale matatu."

Nilichagua jeusi, dogo, vichomeo viwili, wavu mzito wa chuma. Halina urembo wowote. Nilipaka povu kila kiungo, mara mbili. Likatulia kama maziwa kikombeni.

Nyumbani nilimweleza mzee wangu yote, nikingojea aniambie nimechoka nikalale. Akasema, "Kesho tunakwenda Usagara." Ilikuwa mara ya kwanza kutaka kutoka nje tangu augue.

Hatukupata shida. Kule njia panda ukiuliza nyumba ambayo gesi ilimuunguza mke, kila mtu anainamisha kichwa na kukuonyesha. Tulimkuta mwanamume anaitwa Masanja, seremala, amekaa kwenye benchi la kazi ambalo halikuwa na hata vumbi la mbao. Alitupa shikamoo, akatuletea viti. Nilipomwambia tumekuja kwa ajili ya marehemu mkewe, akasema kabla sijamaliza:

"Mimi ndiye niliyemuua, mama."

Alituelezea akitazama chini. Siku ile asubuhi yeye ndiye aliyechemsha chai kwenye jiko lile. Mkewe, Minza, alipokwenda kuwasha mchana, moto ukalipuka. Mama mkwe akasema Masanja aliacha gesi wazi. Akawachukua watoto wawili, na tangu siku hiyo hata salamu hampi. "Nami nadhani kweli niliiacha," akasema. "Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki kuifunga."

Mzee wangu akainuka. Nyumba ya yule mama mkwe ilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Alivuka na pumu yake, na sijui alimwambia nini, lakini alirudi naye. Mama mrefu, mkavu, kanga imefungwa kiunoni. Alisimama mlangoni, hakukubali kiti.

Nikaomba beseni la maji. Nikatoa ule mpira, nikauzamisha upande wenye klipu huku nimeziba mwisho wake kwa kidole gumba, nikamwambia Masanja apulize upande mwingine. Akapuliza. Mapovu yakapanda chini ya klipu, mstari mmoja, kama samaki mdogo anapumua.

"Mnaona?" nikasema. "Aliyeufunga siku ya kwanza alikaza klipu upande, ikakata mpira. Gesi ilikuwa inatoka hapa hata kitufe kikifungwa. Masanja alifunga. Hata asingefunga, isingebadilisha kitu."

Yule mama akauliza taratibu, "Wewe umeujuaje mpira huu, dada yangu?"

Sikupenda kusema. Lakini nilisema. Kitenge cha kijani, maua ya njano, mwanya, na neno lake la mwisho: siyo yeye. Uso wake ukawa mgumu, nikaona anafikiri nimetumwa na Masanja.

"Jiko aliliwasha kwa mkono gani?" akaniuliza.

"Wa kushoto."

Akashika fremu ya mlango. "Nilimpiga sana akiwa mtoto aache kutumia mkono ule," akasema. "Hakuacha." Na hapo akalia, na Masanja akalia, akiwa bado ameshika mpira mkononi. Yule mama akamwendea, akamshika bega. "Baba, nisamehe. Twende ukawachukue watoto wako."

Tulivuka barabara wote. Sijaona kitu kizuri kama watoto wale wawili walipomwona baba yao anaingia uani. Yule mdogo alimpanda kama mti.

Wageni wa Bukoba walikuja Jumapili. Uani palijaa: wadogo zake mzee, Bi Zuhura jirani yetu na wanawe, na Masanja na watoto na mama mkwe wake, maana niliwaalika na wakaja na jogoo. Mzee wangu alifunga aproni. Alilitazama lile jiko jeusi kwa dharau, akaliwasha, akafunga mfuniko, akangoja lipate moto kama mtu anayemsubiri mtuhumiwa ajibu. Alipoweka sato wa kwanza, wavu ukalia chwaa. Hakuna moshi wa kumkaba. Alipomgeuza, ngozi ilitoka nzima, rangi ya dhahabu. Mdogo wake akaonja, akafumba macho, akasema, "Kaka, hujawahi kuchoma hivi." Mzee akatupa mikono juu kama aliyefunga goli, na uwanja mzima ukapiga vigelegele. Alichoma mpaka jua likaegemea. Hakukohoa hata mara moja.

Leo Buzuruga wananiita Mama Povu. Mtu akinunua jiko la gesi, kabla hajaliwasha anakuja kunigongea mlango, nami nakwenda na kopo langu. Nimeshakamata mipira mibovu mitano, mmojawapo jikoni kwa Bi Zuhura mwenyewe. Yule mwenye duka naye siku hizi ana ndoo ya sabuni kaunta, na mteja asiyepima hamuuzii.

Kuna kimoja tu kilichobaki kwangu. Mkono wangu wa kushoto, ule alioushika Minza, hausikii joto tena. Naweza kushika sufuria inayochemka, nikajua nimeungua pale tu ninapoona lengelenge. Nimekwenda hospitali, wamenichoma sindano, wamenipima, wanasema mishipa ni mizima. Sijali. Natumia wa kulia.

Lakini wewe unayesikiliza, ukienda kuchagua jiko, usiongozwe na rangi. Uliza limetoka wapi. Fungua gesi, paka povu kila kiungo, na ukiona hata povu moja, ondoka. Na kama utakuwa peke yako dukani halafu mtu usiyemwona akiingia akakwambia jiko hilo ni lake, tafadhali usibishane naye kama nilivyobishana mimi. Muulize anataka useme nini, na kwa nani, halafu nenda ukaseme.