Mgeni Aitwaye Nakama

Niliolewa Kibuli miaka michache baada ya vita, nikiwa na Kiswahili cha sokoni. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa Mombasa, aliyeletwa Kampala na mume wake dereva wa malori. Nikisema, "Mama, nimereta maji," alikuwa akijibu kwa upole, "Umeleta, mwanangu," kisha akayapokea. Ila jikoni hakunipa nafasi. Mimi nilikuwa mtu wa kumenya vitunguu tu.

Jumamosi moja tulimngoja kaka yake kutoka Mombasa, pamoja na mkewe. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mama aliamka alfajiri akapika pilau mwenyewe. Nilikuwa sebuleni nikitandika mkeka niliposikia ngurumo nzito, nikadhani ni lori linalopita barabarani. Mara sauti yake ikaja kutoka uani:

"Nakama! Nakama imeingia nyumba hii!"

Kwetu Buganda majina mengi ya kike huanza na Na. Anayejua Kiswahili angesikia ile "imeingia" na kutambua kwamba si mtu. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Nilijifunga leso vizuri, nikachukua kikombe cha chai, nikatoka na kupiga magoti mlangoni kama nilivyolelewa.

"Mama, huyo mgeni yuko wapi?"

"Mgeni gani?"

"Nakama."

Ndipo nilipoinua macho. Ukuta wa jiko, wa udongo, ulikuwa umeporomoka wote. Sufuria ya pilau ilikuwa chini ya matope, na mama amesimama kando, mwiko mkononi, mzima. Alinitazama, akatazama kile kikombe. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, machozi yakimtoka, na sikujua ni machozi ya nini.

Akanieleza akijifuta. "Hasara unaiona ikija, mwanangu. Duka linapungua, ng'ombe anakonda. Nakama haikupi muda. Ulikuwa na kitu, ukageuka, huna."

"Kwa hiyo chakula hatuna?"

"Hatuna. Na kaka yangu yuko njiani."

Sikumwomba ruhusa. Nilikimbia kwa jirani nikarudi na matoke na karanga za kusaga, nikawasha moto mbele ya nyumba. Mama alikaa karibu yangu akimenya, polepole, kwa sababu utomvu wa ndizi ulimnata vidoleni na hakuuzoea. Mara mbili alitaka kutia iliki kwenye mchuzi wangu wa karanga. Mara mbili nilimshika mkono. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Wageni walifika saa nane wakiwa na njaa. Kaka yake alikula, akafuta sahani kwa kipande cha toke, akamgeukia dada yake.

"Imebaki?"

"Mimi sijui," mama alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Muulize mwenye jiko."