Plau Iliyosimama Mguu Sawa

Trekta yetu niliisikia kabla ya kuiona. Nilikuwa nimetangulia Nakaloke, nje ya mji wa Mbale, kwa basi, na watoto na magodoro, kwa sababu mume wangu aliapa hatapakia mashine yake kwenye lori la mtu. Akaiendesha mwenyewe kutoka Jinja, mdogo mdogo, akalala njiani kwa rafiki wa zamani wa jeshini. Alipotokea barabarani, amekaa wima, kofia kichwani, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma ya kiti, jirani yangu muuza mafuta ya taa alipiga vigelegele hadi mbuzi wake wakakimbia. Trekta yenyewe ilikuwa ndogo, mtumba wa Kijapani, nyekundu pale ambapo rangi ilikuwa bado imebaki. Mimi niliiona nzuri kuliko gari la harusi.

Nilikuwa na sababu. Tangu tuoane, yeye alikuwa sajini kambini Kimaka, Jinja, na mimi nimepanga chumba Nabuyonga, Mbale, nashona nguo. Ndoa yetu ilikuwa ya likizo. Watoto walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kumzoea, naye anafunga mkoba. Yeye ni mtu wa Teso, mimi Mgisu. Kiswahili cha kambini ndicho kilichotukutanisha, na hata tukigombana tunagombania humo humo. Alipostaafu tulikuwa na kipande cha shamba na mapatano ya wazi: trekta ikilima msimu ule wa mvua, shamba letu na mashamba ya majirani, anabaki nyumbani. Ikishindwa, anaiuza na kurudi Jinja, ambako rafiki yake alikuwa amemwekea kazi ya kulinda kiwanda. Sanduku lake la bati lilikaa nyuma ya mlango, na kila nikifagia nililipiga teke kidogo.

Sasa, mtu huyu jeshi lilikuwa limemwingia mifupani. Viatu vya watoto vilipangwa mlangoni kama gwaride. Jembe lilisimamishwa ukutani, mpini juu. Na trekta ikimaliza kazi, plau ilibidi inyanyuliwe juu kabisa, kisha akaze kifundo cha kuzungusha kilicho chini ya kiti ili isishuke usiku. "Askari hapana lala chini," aliniambia. Anasimama mbele yake na kutamka, "Mguu sawa!" na watoto nao wanabana miguu. Nilikuwa na mume nyumbani anayepigia trekta saluti, na nilifurahi kupita kiasi.

Asubuhi, kabla ya chai, alipima oili ya haidroliki, ile inayonyanyua plau. Injini imezimwa, trekta iko mahali pa usawa. Anachomoa kijiti cha kupimia, anakifuta kwa kitambaa, anakitumbukiza, anakichomoa tena. Kila asubuhi oili ilikuwa chini ya alama. Anaongeza. Tunakwenda shambani kujaribu, plau inashuka kulima, na muda si mrefu oili inatiririka nyuma, inapaka ekseli na kuokota vumbi. Kesho yake, chini ya alama tena.

"Mama, hii kitu inakunywa kama mulevi," alisema.

"Iko na tundu wapi?"

"Sili imekufa, ile mpira ya kuzuia oili. Lazima imekufa."

Maelezo yaliyobandikwa kwenye trekta yalikuwa ya Kijapani, hayakutufaa kitu. Fundi wa mjini Mbale alisema sili zitafutwe Jinja, na pengine nyuma yote ifunguliwe. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mlimani. Jirani yule wa mafuta ya taa alikuwa ameahidiwa kulimiwa wa kwanza. Kila akipita aliangalia juu, kisha trekta, kisha mimi. Jioni moja mume wangu akavuta sanduku kutoka nyuma ya mlango. Alisema anakwenda Jinja kutafuta sili. Lakini mtu haendi kutafuta sili na shuka mbili na sufuria. Roho iliniuma, nikachukua pasi.

Asubuhi alivaa suruali ya kaki niliyoipiga pasi kwa hasira, mstari umesimama kama rula. Hata hivyo hakuweza kuondoka bila kupima. Akachomoa kijiti, akaongeza oili, na mara hii akazidisha, eti niwe na akiba. Tundu la kumiminia oili likiwa bado wazi, nikamwona kitinda mimba wetu amelala kifudifudi chini ya plau, anatafuta yai la kuku.

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulifika mjini. Nikamvuta mtoto kwa mguu, yai limempasukia mkononi, kisha nikamgeukia baba yake.

"Afande! Shusha hiyo kitu!"

"Lakini mama..."

"Hapana lakini! Wewe unaenda Jinja, nani atachunga watoto chini ya chuma yako? Shusha sasa hivi!"

Sajini alitii. Akalegeza kifundo, akasukuma mkono wa kushushia, na plau ikateremka taratibu hadi ikalala chini, hapo nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu ifike. Ilipokuwa ikiteremka, oili ilipanda. Ikajaa tunduni, ikafurika, ikamwagikia ile suruali ya kaki kuanzia pajani hadi kwenye soksi.

Aliitazama suruali. Akaitazama plau. Akawasha injini, akainyanyua: oili ikazama. Akaishusha: ikapanda.

"Kumbe," alisema, "ilikuwa inapanda na plau."

Ndivyo ilivyokuwa. Plau ikiwa juu, sehemu ya oili imekwenda kuishikilia huko, na kijiti hakiwezi kuiona. Plau ikishuka, oili hiyo inarudi, inakuta tumeshajaza nafasi yake, basi iliyozidi inatafuta pa kutokea. Hakuna sili iliyokuwa imekufa.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Naye akacheka, suruali imemganda mguuni, na mtoto akacheka kwa sababu sisi tunacheka.

"Bambi, maskini suruali yangu!" alilalamika.

"Bambi nini? Na hiyo suruali, basi gani itakubeba?"

Alipunguza oili kwenye beseni, plau imelala, hadi kijiti kikaonyesha kati ya alama mbili. Mvua za kwanza ziliponyesha, akaanza na shamba la jirani, kama alivyoahidi. Jioni aliporudi nilipitisha kidole kwenye ekseli. Nikapata vumbi kavu tu. Aliishusha plau mpaka chini, akasimama mbele yake, kidevu juu.

"Mguu pande!"

Watoto wakatanua miguu, mikono nyuma. Mimi nikaingia ndani, nikafungua lile sanduku lililokuwa bado limefungwa kamba, nikatoa shuka, sufuria na koti lake la zamani, nikalijaza sanduku mbegu za maharage hadi juu. Alipolitafuta koti usiku, baridi ya mvua imeingia, alilikuta limetundikwa ukutani kwenye msumari mmoja na gauni langu.