Mwanya Kwenye Kona ya Mto

Dada yangu ni fundi wa seng'enge. Ukitaka uzio wa kuku, wa shule au wa shamba la mboga, anaitwa yeye, na atakuja na koleo lake mfukoni na mdomo umefungwa, kwa sababu maneno yote ya ukoo wetu nilirithi mimi. Mikono yake imejaa makovu ya waya. Tulipokuwa wasichana mama alimwambia hakuna mwanamume atakayekubali kushikwa na mikono kama ile. Akatokea mmoja.

Huyo mmoja, shemeji yangu, alikuwa mtunza bustani ya mji. Dada aliitwa kuzungushia uzio kitalu cha miche kule chini, mto unapopiga kona, na mtunza bustani akasimama kumwangalia akikata waya. Hakumuuliza jina. Alimwita Koleo, na jina likakaa. Maua ya mbele, yale ya maharusi kupigia picha, shemeji hakuyajali sana. Alipenda kile kipande cha kando ya mto kilichoachwa makusudi kijiotee chenyewe, chenye matete na vichaka na ndege wanaotaga chini. Aliyekanyaga pale alifokewa mpaka ajute kuzaliwa. Hata mimi sikusalimika. Nikamwambia matete yake anayapenda kuliko dada yangu.

"Shemeji," akasema, "dada yako hamomonyoki."

Alistaafu, na haukupita muda mrefu kumbukumbu zikaanza kumtoka. Zilianza funguo, yakafuata majina ya wajukuu, mwisho akafuata dada mwenyewe. Asubuhi moja jikoni alipokea chai mkononi mwake akasema, "Asante, mama. Mwenye nyumba yuko wapi?" Dada akamwambia yuko njiani anakuja. Mimi, niliye mdogo kwake kwa miaka mingi, akawa ananiamkia shikamoo. Mara ya kwanza niliitikia marahaba kwa utani, kisha nikaenda kujifungia chooni nikalia.

Lakini palikuwa na mahali pamoja. Siku moja dada alimtoa kumtembeza bustanini, wakashuka mpaka kwenye kona ya mto, na shemeji alipoyaona maji yakizunguka alimgeukia akasema, "Koleo, leo umekuja bila waya?" Walikaa pale kwenye jiwe wakaongea kama watu waliooana. Walipopanda kurudi, kabla ya geti alikuwa ameshapotea tena. Tangu hapo dada alimpeleka kila asubuhi. Alijipaka mafuta na kuvaa gauni zuri kama anayekwenda kuposwa. Nilimuuliza, "Dada, mume wa nani huyo unayemwibia?"

"Wangu," akasema.

Mto nao ukaanza kula. Mvua za mwaka ule ziliukata ukingo kwa chini, juu ukabaki unaning'inia, na mabonge ya udongo yakawa yanaporomoka pamoja na matete na viota. Injinia wa bustani, mwanamke kijana ambaye viatu vyake havikuwahi kukauka matope, akaamua ukingo uchongwe ulale, upangwe masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, na upandwe matete upya. Kisha uzio upite huko juu, nyuma ya miti, ambako maji hayaonekani, na asiingie mtu mpaka mizizi ishike. Hiyo ni kazi ya miaka. Fundi wa kusuka masanduku na kuweka uzio akawa dada yangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alipewa vyote viwili kwa mpigo.

Alisuka masanduku, tena kwa uzuri. Lakini uzio ulipofika pale njia inapoanza kuteremka kwenye kona, aliacha mwanya, mwembamba, wa kupita mtu ubavuubavu. Injinia aliuona. Akateremka, akamtazama mzee aliyekaa pale chini kwenye jiwe akicheka na mkewe, akasema, "Mama, mimi sijaona kitu." Simlaumu, hata mimi ningefumba macho.

Ila mwanya haujui umeachiwa nani. Walianza wavua samaki kwa ndoano, wakafuata wapenzi, wakafuata wale ambao njia yoyote ya mkato kwao ni halali. Matete machanga yakalala chini, kijia kikachimbika, na mvua ilipokuja ikapata mfereji ulio tayari. Asubuhi yake tulikuta kipande kizima cha ukingo kimekwenda na maji, na sanduku moja la mawe limeinama kuelekea mtoni.

Siku hiyo nilikuwepo, nimembebea dada mfuko wa vifaa. Shemeji alisimama akaangalia, akakifuata kile kijia kwa macho kuelekea juu, na uso wake ukarudi kuwa ule wa bwana wa kufoka.

"Nani kaacha mwanya kule juu?"

Dada aliinama akaanza kukagua nyaya za lile sanduku.

"Koleo, nakuuliza. Nani kaacha?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

Dada yangu, ambaye sikumwona akilia hata tulipomzika mama, alikuwa analia. "Nilitaka tuwe tunakuja hapa," akasema.

Shemeji alimfuta uso kwa kiganja, na alijua kabisa anamfuta nani. "Tutakaa kwingine," akamwambia. "Kauzibe, Koleo. Ukiuacha hivi, ukingo wote huu utaondoka."

Nilimvuta dada pembeni. Nilimwambia asizibe. Nilimwambia matete ni matete tu, mto na uichukue bustani yote na geti lake, yeye duniani kote ana mume mahali pamoja. Nikamwambia hata hilo neno alilolisema, mzee atakuwa amelisahau kabla hatujafika barabarani.

"Yeye atasahau," dada akasema. "Na mimi je?"

Ukingo ule umesimama mpaka leo. Matete yamefungamana, ndege wamerudi kutaga, na injinia huwaleta wageni wautazame kwa mbali. Watu humsimamisha dada sokoni kumpongeza, naye huitikia kwa kichwa na kuendelea kuchagua nyanya. Tumempeleka shemeji darajani, tumempeleka ng'ambo ya pili. Anayatazama maji kama mtu yeyote anayetazama maji. Mimi ule ukingo nauchukia, na sioni haya kusema.

Siku ile, kabla ya kutoka, wao wawili walikaa kwenye jiwe kwa kitambo. Nilibaki mbali. Sijui walisema nini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuuliza. Kisha dada akamshika mkono, wakapanda, wakapita kwenye mwanya, akaanza kuziba. Shemeji alishika ncha ya waya bila kuambiwa, akaivuta mpaka ikakaza, akawa anampa vipande kimoja kimoja jinsi anavyovihitaji. Mikono yake ilikuwa bado inaijua kazi. Nilipomtazama machoni nikaona ameshaondoka.

Dada alisokota waya wa mwisho, akapinda ncha yake kwa ndani isije ikamkwaruza mtu.

"Kazi safi, mama," shemeji akamwambia. "Haya, nenda salama. Mimi namngoja mke wangu, kabaki huko chini."

Dada aliangalia uzio wake. Alikaa hivyo mpaka nikadhani atakata zile nyaya zote, na angezikata ningemsaidia kwa meno.

"Amesema tutangulie, baba," akamwambia.

Mzee akakubali kushikwa mkono, kwa adabu, lakini njia nzima mpaka getini alikuwa anageuka kutazama nyuma.