Chumvi Kwenye Rejeta

Leo nimeijua ladha ya maji ya rejeta, na sina hamu tena.

Lori la Mwingereza ninayemwendeshea limechemka kati ya Mkongo na Mloka. Bomba la maji limetoboka.

Nikawaambia abiria ni uzee wa gari.

Bibi mmoja akachovya kidole, akalamba. "Mwanangu, mbona yana chumvi?"

Nikaonja. Kweli.

Kila nilipofuata mzigo wa magome ya mikoko kule visiwani pwani, nilichota maji ya rejeta palepale kwenye mikoko, maji ya bahari. Kisima nilikiona kiko mbali. Kumbe chumvi inakula chuma taratibu.

Bomba nimelifunga kwa mpira wa baiskeli. Kisha nikagusa bomba la chini. Likamomonyoka kidoleni.

Abiria wameshapanda, wananisubiri. Mbele ni pori la tembo.

Nyie mngewaambia ukweli?