Penalti ya Mtoto wa Watu

Mimi, dereva wa basi wa Sparkhill, ndiye bingwa wa sheria za mpira Birmingham nzima. Refa wa mechi ya chuo cha binti yangu Hamdi hakuwa na habari hiyo, basi Jumamosi nikajitolea kumfundisha.

Baada ya visingizio vya miaka, hatimaye nilikuwa nimekwenda kumwona akicheza. Nikamtambua mara moja: jezi ya bluu, hijabu nyeusi, mbio za ukoo wetu. Akasukumwa ndani ya boksi, akaanguka. Refa akaashiria mchezo uendelee.

"Penalti!" nikanguruma. "Refa, macho umeyaacha nyumbani?"

Mama mmoja Mkongo kando yangu akauliza kwa upole, "Papa, ule mtoto ni wa kwako?"

"Damu yangu! Huoni hata kuanguka anaanguka kama nyanya yake?"

Alipoangushwa tena bila filimbi kulia, niliingia uwanjani. Refa akanitoa kwa kadi nyekundu, mimi mzazi. Msichana akanikodolea macho kama hanijui. Haya za ujana, nikajiambia.

Nikiwa getini, Hamdi akaja na matope magotini, akitokea uwanja wa pili, ambako timu nyingine ya chuo hichohicho ilicheza kwa jezi zilezile. Kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alichagua Kiswahili, nadhani ili lisinipite hata neno moja.

"Baba, nilifunga penalti. Nikakutafuta. Ulikuwa umenipa mgongo, unampigania mtoto wa watu."